Walimwosha Mama Angali Hai

Nyumbani kwetu, katika mtaa wa Buyenzi, watoto walijua namna ya kuosha maiti kabla hawajajua kupika wali. Mama yangu alikuwa mwosha. Mwanamke wa Kiislamu akifariki katika barabara zetu za vumbi, mtu aligonga geti letu la bati na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, tuko na musiba," naye mama aliacha chochote alichokuwa amekishika, hata mwiko uliokuwa bado ndani ya ugali, akachukua kikapu chake na kutoka. Kikapuni mlikuwa na karafuu maiti, pamba, udi, mkasi na shuka jeupe lililokunjwa. Kazi ile haikuwa na malipo. Malipo yake yalikuwa namna wanawake walivyomsalimia njiani: walitua ndoo zao kwanza, ndipo wakampa mkono.

Kila Alhamisi, baada ya alasiri, aliwafundisha wanawake vijana uani kwetu. Alitandika mkeka, akaviringisha godoro letu dogo, akalifunga kitenge, akaliita marehemu wetu.

"Marehemu wetu leo ni mama munene," alisema. "Musimuvute mukono. Mumuombe. Sema: mama, tunakugeuza. Muanze kulia. We! Apana kumwaga maji vile, hii si taksi unaosha!"

Walicheka wakiziba midomo kwa khanga. Mama naye alicheka, lakini mikono yake haikucheka. Iliendelea polepole kutoka bega la kulia la godoro hadi ubavu wa kulia, kana kwamba godoro lingeweza kuona haya. Alikuwa na sheria zake. Dirisha lifungwe. Anayelia atoke nje, chozi lisimdondokee maiti. Na aliyekufa asingojeshwe, maana hana tena jambo lingine la kutungojea sisi isipokuwa hilo moja. Wadogo zangu wawili, msichana wa miaka saba na mvulana wa mitano, walikaa ukingoni mwa mkeka wakishika birika. Mpangilio ule waliujua kama walivyojua Alhamdu.

Baba hakuwapo. Alikuwa fundi wa injini katika meli za mizigo zilizotoka bandarini kwetu kwenda Kigoma, na mipaka ilipofungwa ilimkuta upande wa pili wa ziwa, akabaki huko. Nyumbani tulikuwa mama, bibi aliyemzaa mama, wadogo zangu, na mimi niliyekuwa nimeanza sekondari.

Kabla ya vita, mama aliosha vikongwe waliokufa vitandani mwao, wepesi kama vikapu vitupu. Vita vilimletea wanawake wa umri wake, kisha wasichana wa umri wangu. Maji yalitoka mekundu, naye ilimbidi aendelee mpaka yatoke meupe. Hakutusimulia. Nilijua kwa sababu alianza kurudi nyumbani na kufua nguo zake kabla ya kukaa, kabla hata ya kujibu salamu. Usiku, milio ya bunduki ilipotoka upande wa mtaa wa Kamenge, sisi tulilala sakafuni chini ya madirisha na mama alikaa ameegemea ukuta. Si milio iliyomnyima usingizi.

"Nikifumba macho," alimwambia bibi, "mikono inaendelea kuosha."

Jirani mmoja ndiye aliyemletea vidonge vya kwanza, vimefungwa katika kipande cha gazeti. "Meza kimoja, dada. Utalala kama mutoto." Mama alimeza, akalala kama mtoto. Asubuhi alitukaangia mandazi, akaimba, na uso wake ulikuwa umekunjuka kama nguo iliyopigwa pasi. Sikuwahi kuiona dawa nzuri kuliko ile. Nilimwombea dua yule jirani.

Miaka ile hakuna aliyekuuliza karatasi ya daktari. Vidonge vya usingizi vilinunuliwa kama chumvi, na si mama peke yake aliyevinunua. Kimoja kikawa viwili. Vya usiku vikapata wenzao wa asubuhi, kwa sababu, alisema, bila hivyo moyo ulimwenda mbio. Sauti yake ikawa nzito na ya polepole, kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya mtungi. Maharage yaliungua. Mchana mmoja alisujudu kwenye msala wake akabaki huko huko, paji la uso chini, mpaka adhana ya sala iliyofuata. Jirani aliyechungulia kuomba moto alirudi kinyumenyume. "Mama yenu anasali sana," alininong'oneza. "Mungu amupokelee." Nikaitikia amina. Shavu la mama lilikuwa limelowa mate.

Wadogo zangu waliuliza, kama watoto wanavyouliza, si mara moja.

"Bibi, kwa nini mama haamki?"

Bibi alikuwa na jibu lililotoka kwa bibi zake. "Usingizi ni ndugu ya mauti, wajukuu zangu. Wengine anawaachia mapema. Wengine anachelewa kuwaachia."

Mdogo wangu wa kike alilitafuna jibu lile kimya. Mimi nililiona zuri, fupi na la heshima. Lilitusaidia sote kutolitaja neno lenyewe. Katika nyumba ya mwosha, mtu wa twahara, nani angesema kwamba mama amekuwa mlevi wa kitu ambacho hakina hata harufu?

Kisha asubuhi moja wakaja kumwita. Binti mdogo, mke wa fundi wa magari wa barabara ya pili, alikuwa amekufa akijifungua. Fundi mwenyewe alisimama getini, mikono bado ina mafuta meusi hadi viwikoni, kana kwamba alikuwa ametolewa chini ya gari na kuambiwa ameshakuwa mjane. Nilirudi ndani kumwamsha mama. Nilimtikisa bega. Nikampiga mashavu. Alifungua macho, akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayepita ng'ambo ya barabara, akayafumba tena.

Nilitoka. "Mama hayuko," nilimwambia. "Ameenda Kinanira kuona ndugu. Pengine atarudi jioni."

"Jioni hatuwezi," alisema. "Saa ya kufunga njia itatukuta makaburini."

Hapo mdogo wangu wa kiume akatokea chini ya kwapa langu, kidole gumba kinywani kama kawaida yake. Alikitoa ili aseme vizuri.

"Dada anasema uongo. Mama iko ndani, analala."

Fundi alinitazama mimi, si yeye. Hakukasirika. Aliniambia, "Sawa, mama," kama wanaume wa kwetu wanavyomwita hata msichana mdogo wanapotaka kumheshimu, akageuka akaenda. Afadhali angenitukana. Walimtafuta mwosha mwingine mbali, akachelewa kwa sababu ya vizuizi vya barabarani, na yule binti alingoja chini ya shuka mpaka jua likapinda. Watu walimzika mbio mbio wakiogopa saa. Mtaa mzima ulijua alingoja nini.

Baada ya hapo hakuna aliyetua ndoo. Hawakumnyima mama salamu. Walimpa huku wakitembea. Bombani, nilipokuwa nimeinama nikikinga maji, nilisikia sauti nyuma yangu ambayo haikujitahidi kushuka.

"Siku hizi mwosha analala kuliko maiti."

"Labda anafanya mazoezi," mwingine alijibu, na foleni nzima ikacheka kicheko kile cha watu waliokosa cha kuchekea kwa muda mrefu.

Nilinyanyua ndoo ikiwa nusu, nikaenda.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya jua kali, saa za mchana. Nilikuwa nimetoka sokoni na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, katika karatasi, bibi alikuwa kwa jirani kutoa pole. Nilipoingia niliona maji yakipita chini ya pazia la chumba cha mama, yakitambaa sakafuni kunijia. Niliyanusa kabla sijayaelewa. Yalikuwa na karafuu maiti.

Nilifunua pazia. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mama alikuwa amelala chali juu ya kitanda, godoro limetolewa likasimamishwa ukutani, mwili wake juu ya mbao tupu, amefunikwa shuka jeupe la kikapuni. Sijui watoto wale wawili walimhamishaje. Mpaka leo sijui. Walikuwa wamemfunga kidevu kwa utepe wa kitambaa, fundo juu ya utosi, kama inavyotakiwa. Mdogo wangu wa kike alishika birika kwa mikono miwili. Yule wa kiume alikuwa na kitambaa kilicholowa, anapitisha chini ya shuka bila kulifunua, macho ameyageuzia ukutani, maana mama alifundisha kwamba mwosha hatazami. Kwenye kigoda, pembeni, pamba ilikuwa imeshachambuliwa, vipande vidogo vidogo vya pua na masikio, tayari.

"Vua viatu, dada," alisema mdogo wangu wa kike. "Tumefika ubavu wa kulia."

"Mnafanya nini?"

"Mama amekufa." Sauti yake ilikuwa kavu. Hakulia. Hakuna aliyelia, yule mdogo alikuwa ameuma midomo yake mpaka imekuwa myeupe. "Yule mwingine alingoja sana. Mama asingoje."

Alimimina. Maji yalipita begani, yakaingia shingoni, na mama akafungua macho.

Alitazama dari. Alinusa. Pua ile ilikuwa imeivuta karafuu maiti maisha yake yote, na nikaona inavyomwambia kitu kabla akili yake haijafika. Aligusa shuka kwa vidole. Akasema, kwa shida, kwa sababu ya utepe wa kidevuni:

"Nani amekufa?"

"We, mama," mdogo wangu wa kike alimjibu.

Yule wa kiume alitupa kitambaa akakimbia nje. Nilisikia sauti yake ikipita uani, ikifungua geti, ikiingia barabarani, nyembamba na yenye furaha ya kutisha: "Mama amefufuka! Mama amefufuka!" Dada yake hakuondoka. Alisimama akiwa ameshika birika, kifua kikimpanda na kushuka, na sasa alikuwa amekasirika kama mtu mzima.

"Tulikuita," alisema. "Tulikuita, tulikuita, tulikuita."

Nilimfungua mama utepe. Fundo lilikuwa imara, fundo la mwanafunzi mzuri. Majirani walikuwa wameshafika uani. Nilisikia ndara zao, na mmoja akiuliza kama ni kweli, na mwingine akisema amwombe Mungu msamaha anayecheka, huku yeye mwenyewe anacheka. Mama alikaa juu ya mbao, amelowa, shuka la maiti limemganda mabegani. Aliiona pamba kwenye kigoda. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotutazama sisi. Nilikwenda kusimama kwenye pazia, nikalishika kwa mikono miwili, mtu asiingie.

Jioni ile, majirani walipochoka, bibi alipomaliza kulia, mama aliniita.

"Waelezee," alisema. "Wewe una maneno."

Ilikuwa kweli, nilikuwa nayo. Shuleni insha zangu zilisomwa mbele ya darasa. Niliwaketisha wadogo zangu kwenye mkeka nikajikohoza.

"Mama ana ugonjwa," nilianza.

"Malaria?" aliuliza yule wa kiume.

"Apana. Ni ugonjwa wa kutaka kitu. Kukitaka sana."

"Mi nataka baiskeli."

"Si kama baiskeli. Ni vile vidonge. Vilikuwa dawa, sasa vimekuwa ugonjwa."

"Dawa haiwezi kuwa ugonjwa," alisema dada yake. "Sabuni inaweza kuwa uchafu?"

Nilipanda juu zaidi. Nilisema kwamba kuna minyororo isiyoonekana kwa macho, ambayo humfunga mtu huku akidhani anakumbatiwa. Nilijisikia vizuri niliposema hivyo. Mdogo wangu wa kiume aliinama akatazama kwa makini miguu ya mama iliyoonekana chini ya pazia.

"Mnyororo uko wapi?" aliuliza.

Pazia lilifunguka. Mama alikuja akakaa sakafuni, si kwenye mkeka, kwenye saruji yenyewe, mbele yao. Alikuwa amevaa nguo kavu lakini nywele zake zilikuwa bado zinanuka karafuu maiti. Aliushika mkono wa yule mdogo, akakiinua kidole gumba chake kilichokunjamana kama cha mzee.

"Hiki kinakaa wapi?"

Alicheka kwa haya. "Mudomoni."

"Nani anakiweka?"

"Kinaingia chenyewe."

"Bibi alikipaka pilipili. Ukafanya nini?"

"Nikanyonya na pilipili."

"Wenzako wakikuona?"

"Wananicheka. Wanasema mi kitoto."

"Ukichekwa unakitoa?"

Alifikiri. Alikuwa mtoto mkweli. "Natoa. Nikisikia bunduki kinarudi."

"Basi," alisema mama. "Mi na vidonge ni hivyo hivyo. Kidole chako hakikuumizi, ndiyo maana tunakuachia. Changu kinaniumiza, kinanilaza mpaka siwasikii. Nakitoa, kinarudi. Naona haya, kinarudi. Si kwamba nakipenda. Mwanzo nilikipenda, kweli, siwadanganyi. Sasa hata sikipendi."

Bibi, katika kona yake, alikuwa amesimamisha tasbihi.

"Ni sisi tunakuchosha?" aliuliza mdogo wangu wa kike.

"Nani amesema?"

Macho ya mtoto yalikwenda kwenye kona, na bibi akaanza tena tasbihi kwa haraka.

"Sikia," mama alimwambia. "Mungekuwa watoto wazuri, ningemeza. Mungekuwa wabaya, ningemeza. Haikuanza kwenu na haiishi kwenu. Ilianza kwa vitu nilivyoviosha."

"Basi acha."

"Nataka kuacha. Ndugu yako nilipomuachisha ziwa nililipaka shubiri, alilia siku ngapi? Alinipiga makofi. Mwili wangu nao utalia vile. Mutaniona natetemeka. Mutaniona na hasira. Si hasira yenu."

"Na tukikuita tena, usijibu?"

Niliona mama anatafuta ahadi, anaipata, anairudisha mahali ilipokuwa. Alichukua mkono wa binti yake akauweka chini ya titi la kushoto.

"Weka hapa. Kama kunapiga, niko. Mutangoja, nitarudi. Kama hakupigi, muite dada yenu. Apana birika."

Mdogo wangu wa kike aliacha mkono wake pale. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria, si bibi, si mimi mwenye maneno.

"Ulitufundisha kuosha. Hukutufundisha kujua kama mutu amekufa."

Ilikuwa kweli tupu. Katika maisha yote ya kazi ya mama, alipofika yeye, swali hilo lilikuwa limeshajibiwa na wengine. Alilia basi, mbele yetu, bila kutoka nje.

Siku iliyofuata nilimsindikiza zahanati. Muuguzi, mama mmoja mnene aliyesema Kirundi na Kiswahili katika sentensi moja, hakushangaa hata kidogo. Alimwambia asiache ghafla, mtu anaweza kuanguka kifafa. Apunguze, robo baada ya robo, na vidonge avishike mtu mwingine. Nilidhani mtu huyo angekuwa mimi. Mama alimkabidhi mdogo wangu wa kike.

"Yeye hadanganyiki," alisema.

Ndivyo mtoto wa miaka saba alivyokuwa akitembea Buyenzi nzima na vidonge vya mama yake vimefungwa kwenye pindo la gauni. Kila magharibi alivikata kwa kisu cha vitunguu juu ya kifuniko cha sufuria, ulimi nje, huku ndugu yake akishika taa. Mama alikaa akingoja mbele yao, mikono mapajani, kama watoto wanavyongoja kugawiwa nyama. Kuna siku aliomba kipande kilichobaki. Aliomba kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akamwita mwanawe jina baya ambalo sijawahi kumsikia akilitamka kabla wala baada. Mtoto alifunga fundo la pindo lake. "Si hasira yetu," alimwambia ndugu yake, kama anayekariri somo. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisugua sufuria iliyokuwa safi.

Tulikuwa bado katikati ya robo hizo walipogonga tena geti. Alikuwa mama mmoja wa makamo wa barabara ya nyuma, mmoja wa wale waliokuwa wakicheka bombani. Mama mkwe wake alikuwa amefariki alfajiri.

Nilitangulia. Nilikuwa nimeshaandaa Kinanira yangu mdomoni. Mama alinipita, akasimama mwenyewe mbele ya geti, wadogo zangu nyuma yake wameshika gauni lake kila mmoja upande wake.

"Dada, pole na musiba," alisema. "Lakini nikuambie kwanza. Mi nimekuwa mutu wa vidonge vya usingizi. Ndiyo sababu yule binti alingoja. Napunguza sasa, na mikono inatetemeka, ona." Aliinyoosha mbele. Ilitetemeka kama majani ya mpapai. "Sitaki kumushika mama yako kwa mikono hii."

Yule mama aliitazama, akanitazama mimi, nami nikatazama misumari ya geti. Nilitamani mama angedanganya. Uongo wangu ulikuwa na adabu zaidi.

"Mama," alisema mdogo wangu wa kike, kwa sauti ya kawaida kabisa, "umesema yote?"

"Apana," mama alisema. "Juzi nilinunua kingine, nikameza kizima, sikuwaambia."

"Nilijua," mtoto alisema. "Siku ile hukuniomba kipande."

Mgeni alisogea karibu. Nilidhani anataka kuaga. Aliishusha sauti mpaka ikawa kama pumzi tu, lakini sote tuliisikia.

"Na vinasaidia kweli? Maana mi, tangu Ramadhani, silali."

Wadogo zangu waliinua nyuso zao wakamtazama mama. Yule wa kiume alikuwa amekitoa kidole kinywani. Nilijua wanachongoja, na nilijua kwamba chochote atakachosema sasa ndicho watakachokiamini kuhusu yote mengine.

"Vinasaidia, dada," mama alisema. "Ndiyo ubaya wake. Usimeze. Njoo kwangu tukae macho wawili."

Yule mama alijifuta uso kwa ncha ya khanga. Alisema marehemu anangoja.

Mama aligeuka akanitazama. "Chukua kikapu," aliniambia. "Mi nitasema kwa mudomo, we utakuwa mikono."

Sikuwahi kumgusa maiti, ila lile godoro. Nilichukua kikapu. Tulitoka wote, mgeni mbele, mama akifuata, watoto wakimkimbilia nyuma mpaka bibi akawaita. Ilikuwa asubuhi kamili, wanawake wote wapo bombani, ndoo zimepangwa. Waliacha kuzungumza. Mama aliwasalimia mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alinyoosha mkono ule unaotetemeka, mchana, mbele ya watu, wala hakuuficha ndani ya khanga. Mimi nilitembea hatua moja nyuma yake na kikapu kichwani, uso ukiniwaka, nikiomba kimyakimya aufunike, angalau mpaka tupite kona.